Watoto saba, meza moja: mwaka wetu wa kusomeshea nyumbani Malindi

Ukiishi Malindi, na ukawa Mkristo uliyeokoka, na ukawa na watoto saba ambao wengi wao asubuhi hawaonekani njiani na sare na mikoba, jua kuna mtu anawahesabu. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Sisi wa huku tunajua kwa nini wanahesabiwa. Kuanzia Aprili 2023 magari yalikuwa yakiingia mjini kutoka msitu wa Shakahola, ambako mhubiri mmoja aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka kufa, yakileta miili katika chumba cha maiti cha hospitali yetu, siku baada ya siku, mpaka idadi ikapita 400. Watoto walikuwemo, wengi. Na kabla hawajafa njaa, walikuwa wametolewa shule, kwa sababu wazazi wao walihubiriwa kwamba shule ni ya Shetani.

Sasa fikiria mimi na mume wangu, Januari 2025, tunawatoa watoto wetu shule.

Naandika haya kwa sababu tangu mwezi wa Agosti nimefuatwa na kina mama kadhaa, wengine kutoka Watamu na Mtwapa, wanaotaka kufanya kama sisi. Wengi huniuliza ni vitabu gani tulinunua. Vitabu ndiyo sehemu rahisi.

Tunakaa Muyeye. Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi, kazi yake iko hotelini na kwenye nyumba za wageni za ufukweni. Kaskazi ikivuma Waitaliano wamejaa na simu yake hailali. Upepo wa kusi ukishaingia, Aprili mpaka Julai hivi, hoteli nyingi zinafunga na yeye anashinda nyumbani akisafisha spana ambazo tayari ni safi. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea kabla ya mtoto wa tano, na baadaye nikawa napika mahamri na mbaazi za asubuhi. Kifungua mimba wetu ni msichana, mwaka huu wa 2025 alikuwa Gredi 9. Anayemfuata ni mvulana wa Gredi 7, kisha msichana wa Gredi 6, mvulana wa Gredi 4, msichana wa Gredi 2, mvulana wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), na kitinda mimba ambaye kazi yake ni kula kalamu za rangi.

Ningependa kuandika kwamba tulianza kwa sababu ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale mzazi anapoagizwa kuwafundisha watoto wake aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Andiko hilo lilitutia moyo, ndiyo, lakini lililotusukuma ni karo. Shule ya Kikristo waliyokuwa wakisoma ilipandisha ada, na kwa watoto watano tuliokuja kuwatoa, pamoja na tuktuk ya asubuhi na jioni ilifika shilingi 70,000 kwa muhula. Shule ya serikali iliyo karibu ina watoto zaidi ya 80 katika darasa moja, mwalimu wake ni rafiki yangu na yeye mwenyewe aliniambia, "Dada, kama una njia nyingine, ishike." Imani ilikuja kutupa sababu ya kuendelea pale hesabu za pesa zilipokataa kukubaliana nasi. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakijidanganya juu ya sababu zao, na mwezi wa Juni ukifika, uongo huo hauwabebi.

Kifungua mimba alikataa kutoka shule. Alisema mbele ya babake, kwa adabu, kwamba yeye ana mtihani wa KJSEA, ule wa kitaifa wa kumaliza sekondari ya chini, mwisho wa mwaka, ana walimu wa sayansi wenye maabara, na mama hana maabara. Tulijadiliana naye jioni kadhaa, na babake akamwambia abaki. Wapo ndugu waliotuona tumeshindwa na mtoto. Mimi naona alitusaidia: tangu siku ile kila mtoto alijua anaweza kusema.

Sasa kuhusu sheria, maana hapa watu wengi hupita haraka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtwika mzazi jukumu la kumwandikisha mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria, na anayeacha kufanya hivyo bila sababu ya maana anaweza kufikishwa kortini. Kuna wazazi watakaokwambia kwamba kusomesha nyumbani "hakukukatazwa popote." Usilale usingizi kwa maneno hayo. Mwanasheria mmoja tunayesali naye alitushauri tusimwondoe mtoto yeyote kabisa kwenye daftari la shule. Basi tukatafuta shule ndogo ya binafsi iliyosajiliwa, tukazungumza na mwalimu mkuu bila kuficha kitu, akakubali kuwapokea wanne, wa Gredi 7, 6, 4 na 2: wawe wanafunzi wake, waje kila Ijumaa, na waje siku zote za tathmini. Shilingi 4,000 kwa kila mmoja kwa muhula. Wa PP1 nilibaki naye mwenyewe, ndiyo kazi niliyosomea.

Jambo hili la tathmini ni zito kuliko linavyoonekana. Katika mtaala huu wa umilisi, mtoto anaanza kupimwa na kuwekewa alama za kitaifa shuleni kwake tangu Gredi 4. Akifika Gredi 9, KJSEA yenyewe inabeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 zinatoka KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi 6, na 20 nyingine tathmini za Gredi 7 na 8. Maana yake, ukimficha mtoto nyumbani miaka mitatu ukidhani utamsajili mwaka wa mtihani, utakuta mfuko wake una tundu. Kabla ya kuhama, chukua barua ya uhamisho, hakikisha nambari yake ya UPI (ya utambulisho wa mwanafunzi) imehamishiwa shule mpya kwenye mfumo wa wizara, na uombe nakala ya alama zake zote. Shule ya zamani ilituzungusha sana juu ya alama za huyu wa Gredi 6. Nenda mapema Januari, kabla karani hajazidiwa na wazazi wa karo.

Siku yetu ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi: wimbo, kusoma sura moja ya Biblia kwa zamu, sala, halafu hesabu. Hesabu ziende asubuhi. Kufika saa sita bati limewaka na hakuna anayeweza kufikiri, wala mwalimu. Wa Gredi 7 na wa Gredi 6 nilikuwa nawafundisha sayansi pamoja, kisha mmoja afanye maswali huku mwingine akinisomea. Vipindi vya mtandaoni vya Kenya Education Cloud vya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, vilitusaidia bila malipo, mradi una bando. Alasiri ni kazi za nyumba, kuteka maji, na mpira barazani pa msikiti na watoto wa mtaa.

Kwa Kiingereza na masomo ya Biblia tulinunua vijitabu vya mtaala mmoja wa Kikristo wa Marekani. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anajisomea, anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, na hasongi mbele mpaka apate asilimia 80. Mtindo mzuri kwa nyumba yenye watoto wengi, maana huwezi kuwa mbele ya ubao wa kila mmoja. Lakini wa Gredi 2 alitakiwa kuhesabu sarafu ambazo hajawahi kuzishika na kueleza watoto wanavyocheza kwenye theluji, na theluji pekee aliyoiona ni ile babake anayoikwangua kwenye friji za watu. Na mvulana wetu wa Gredi 7 alianza kumaliza vijitabu kwa kasi ya ajabu, alama zikiwa 96, 98, 100. Nikamwuliza swali moja tu la ukurasa wa katikati, akaangalia dari. Tangu hapo kitabu cha majibu kinalala chumbani kwangu chini ya godoro. Ukinunua mtaala wa aina hii, nunua wa mtoto mmoja kwanza, somo moja. Sisi tulinunua wa watoto wote kwa pamoja, shilingi 37,000 pamoja na usafirishaji, na sehemu kubwa haikufunguliwa.

Nikishafika kwenye pesa, acha nimalize. Shule ya Ijumaa 48,000 kwa mwaka. Vitabu vya mtaala wa Kenya, vingi vikiwa vya mtumba, 18,000. Vijitabu vya Marekani, hizo 37,000. Printa iliyotumika 9,500. Bando 2,000 kwa mwezi. Halafu kuna chakula, jambo ambalo hakuna aliyetutajia. Watoto waliokuwa wakila uji wa saa nne na chakula cha mchana shuleni sasa wanakula kwako, na mtoto aliye nyumbani huona njaa kila akikutana na sehemu ndogo za desimali. Pakiti ya unga iliyokuwa ikitupeleka mpaka usiku ikawa inakwisha mchana. Nilihesabu nyongeza ya shilingi 4,000 kila mwezi kwa unga, mafuta, gesi na mboga, na hapo tunanunua mchicha kwa jirani. Ukijumlisha yote, tuliokoa kama shilingi 25,500 kwa mwaka mzima. Lakini biashara yangu ya mahamri ilikufa mwezi wa Februari, na ilikuwa ikiingiza zaidi ya hizo. Kwa hiyo anayesomesha nyumbani ili apunguze gharama, na mama alikuwa na kazi, achukue karatasi na kalamu kabla hajaamua.

Nirudi kwa wanaohesabu watoto.

Ilikuwa wakati wa mvua za masika. Kanisani kulitangazwa wiki ya maombi ya kufunga, na mimi na mume wangu tulikuwa tukifunga mpaka jioni. Watoto hawakuwamo. Lakini huyu wa Gredi 4 anapenda kufanya kila afanyalo babake, na asubuhi ile alikataa chai. Akatoka nje kucheza, mama wa dukani akampa andazi kama kawaida yake, na mtoto akajibu kwa fahari, "Asante, leo hatuli, tumefunga."

Mwezi wa Ramadhani mtoto wa Kiislamu akisema hivyo hapa mtaani hupongezwa na kupewa peremende za jioni. Mtoto wa Kikristo asiyekwenda shule, Malindi hii, akisema hivyo, watu wanakimbia. Kabla ya adhuhuri nilisikia hodi. Alikuwa mzee wa mtaa, chifu, askari wawili, na afisa wa watoto, binti mdogo kuliko mimi mwenye faili ya kijani.

Chifu alisema, "Mama, samahani, tumekuja kuwaona watoto." Wote. Akawataja kwa idadi. Alijua ni saba.

Nilihisi uso unawaka. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani. Nilitaka kumwuliza kama huwatembelea pia wale wanaotuma watoto wao kuuza njugu ufukweni usiku. Mume wangu akanitangulia, akasema, "Karibuni, waingie mpaka jikoni." Na yule binti akaingia mpaka jikoni. Alifunua sufuria. Kulikuwa na sima ya asubuhi na maharagwe yaliyokuwa jikoni kwa ajili ya mchana. Aliwatazama watoto mikono na nywele, akaomba kitabu cha kliniki cha kitinda mimba, akakuta chanjo zote zimewekwa. Akamwita wa Gredi 2 amsomee. Akamwuliza wa Gredi 7 huwa wapi siku za Ijumaa, bila kututazama sisi. Akamwuliza yule mfungaji wangu ni nani aliyemwambia asile. Mtoto akasema, "Hakuna. Nilitaka kuwa kama Baba." Kisha akaanza kulia, na akapewa maharagwe hapo hapo.

Tuliwaonyesha barua ya shule, risiti, madaftari. Chifu alisoma barua, akapiga simu kwa mwalimu mkuu mbele yetu. Waliondoka kwa heshima. Mimi sikula hata jioni ilipofika, kwa hasira, na wala haikuwa tena kufunga.

Usiku hasira ilinibadilikia. Nilikumbuka zile familia zilizokaa nje ya chumba cha maiti mwaka 2023, mabibi waliokuja kutoka mbali kutafuta wajukuu kwa vipimo vya DNA. Hakuna aliyefunua sufuria zao kwa wakati. Kama angetokea binti mmoja mwenye faili ya kijani akaingia mpaka jikoni, basi. Tangu usiku ule sikumsema vibaya tena, na mwezi wa Agosti, makaburi mengine yalipofukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, nilimpigia simu mimi mwenyewe nikamwambia apite wakati wowote.

Kuna bibi jirani yetu, Mwislamu, mwenyeji wa hapa tangu babu zake. Siku mbili tatu baada ya ile ziara alikuja na sahani ya viazi karai. Akasema, "Mwanangu, usikasirike. Kwetu mtoto asipoonekana chuoni, madrasani, wiki moja, mwalimu huja kuuliza, na asipokuja yeye huja mjomba, na asipokuja mjomba naja mimi. Nyinyi nani huwauliza?" Sikuwa na jibu. Mchungaji wetu hakuwahi kuja nyumbani. Wenzetu wa kanisani waliotusifu hawakuwahi kufungua daftari hata moja.

Na sifa hizo ndizo zilizonitisha kuliko chifu. Kuna dada mmoja alinishika mkono baada ya ibada akanipongeza kwa "kuwatoa watoto Babeli." Akaniambia naye anafikiri kuwatoa wake, na kwamba daktari pia ni wa dunia hii. Nilikwenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa na mpango wa kutusimamisha mbele tutoe ushuhuda wa mwaka; nikamwomba asitufanye mfano, na kama atatutaja, aseme watoto wetu wako kwenye daftari la shule, wanachanjwa, wanapimwa, na hatukuwatoa kwa sababu shule ni dhambi. Alinielewa, namshukuru. Yule dada alitembelewa na akina mama wa kanisa, na watoto wake bado wako shuleni. Ukiwa Mkristo wa Pwani na unataka kufanya jambo hili, chunga sana ni nani anayekushangilia na kwa sababu gani.

Tulibadilisha mambo kadhaa. Masomo ya asubuhi tuliyahamishia barazani, kwenye kivuli cha mwarobaini, mpita njia atuone na atusikie. Nyumbani kwetu mtoto hafungi, na mzazi akifunga haitangazwi. Tuna faili moja: vyeti vya kuzaliwa, barua ya shule, risiti, kitabu cha kliniki, na karatasi ya kila wiki yenye kile kila mtoto alichosoma. Mwanzo wa kila muhula tunaipeleka kwa chifu sisi wenyewe kabla hajatafuta. Na bibi jirani tulimpa ruhusa ya kuuliza lolote, ruhusa ambayo kwa kweli hakuwa akiihitaji.

Yaliyokuwa mazuri yalikuwa mazuri kweli. Bahari iko hapa, na watoto wetu walikuwa wakiipita kwa tuktuk. Tulishika bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kama somo la hesabu na sayansi kwa pamoja: kila siku wanaandika saa ya maji kujaa na kupwa, na umbo la mwezi. Wenyewe wakagundua kwamba maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua huja mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Wa Gredi 7, yule wa kitabu cha majibu, alikwenda kuuliza wavuvi, akarudi na majina ya pepo na nyota ambayo mimi sikuyajua. Hapo hakuna pa kunakili.

Gede tulikwenda kwa matatu tukiwa na chupa za maji na viazi. Mji wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, wenye msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima na vyoo, ulioachwa karne ya 17, na James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Mwaka 2024 uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mtoto wa Muyeye alikuwa hajawahi kuingia. Tulizungumza juu ya vigae vya Uchina vilivyopatikana kule, na juu ya twiga aliyefika kwa mfalme wa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415. Wa Gredi 2 alitaka kujua twiga alikula nini njiani, na bado sijapata jibu la kumridhisha. Kwenye kile kikanisa cha Wareno cha makuti tulisoma habari za Francis Xavier aliyepitia hapa 1542 akielekea India. Ngomeni tulisimama ufukweni tukitazama majukwaa ya Waitaliano baharini: kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Marafa, kwenye korongo la Nyari, walikwenda na nyanya yao.

Nyanya yao, hawe kama wanavyomwita, alikuwa mpinzani wetu mkubwa. Babake alikataa kumpeleka shule. Alipofika mwezi wa Juni akakuta wajukuu wako nyumbani siku ya kazi, aliketi mkekani akaniambia, "Mimi nilinyimwa nikalia. Wewe ulipewa, nawe wawaketisha?" Nilimweleza, hakukubali. Lakini alikaa. Na Juni ndio mwezi tulioanguka: kazi za hotelini hakuna, watoto wawili wana malaria, kitinda mimba anaota meno, mimi nikawa nafundisha kwa kupiga kelele. Nilifunga vitabu. Hawe akawapeleka Marafa, wakalima naye, wakajifunza kusuka ukili na kuhesabu kwa Kigiriama. Shule ya Ijumaa ilipotaka kazi ya mradi wa kilimo, walikuwa nayo tayari. Hawe mpaka leo anasema nilifanya vibaya. Namruhusu.

Jambo moja ambalo kifungua mimba aliliona kabla yangu. Akirudi shuleni jioni alikuwa akimkuta dada yake wa Gredi 6 amembeba mtoto mgongoni huku akifanya maswali kwa kusimama, na kaka yake wa Gredi 7 ameketi mezani. Akaniuliza, "Mama, mbona ni yeye tu?" Katika nyumba yenye watoto wengi, msichana mkubwa aliye nyumbani hugeuka yaya bila mtu kutoa amri. Tuliweka zamu, na wa Gredi 7 sasa anajua kufunga leso mgongoni vizuri kuliko babake. Mabinti wa familia zinazosomesha nyumbani wakiniuliza, hilo ndilo la kwanza ninalowauliza mama zao.

Mwisho wa Oktoba mabinti wawili walifanya mitihani juma moja, mmoja KPSEA, mwingine KJSEA. Wa Gredi 6 alikwenda kwenye ile shule ndogo na hofu ya kukaa chumbani na watoto anaowaona Ijumaa tu. Tungempeleka siku mbili kwa wiki katika muhula wa tatu ingekuwa bora, na mwalimu mkuu alikuwa ametushauri hivyo. Matokeo bado. Siandiki haya nikiwa nimesubiri alama za kujivunia.

Mwakani mambo hayatakuwa yale yale. Kifungua mimba anasubiri shule ya sekondari ya juu atakayopangiwa kwa Gredi 10. Wa Gredi 7 anarudi shule kamili. Ameomba mwenyewe, anataka timu ya mpira na anataka mwalimu wa hesabu asiyekuwa mama yake. Wa Gredi 6 ataamua baada ya matokeo. Wanne wadogo wanabaki nami, na nitaanza tena mahamri, kwa oda za Jumamosi peke yake. Vile vijitabu vya Marekani ambavyo havikufunguliwa, vya Kiingereza ngazi ya 4 na ya 7, navigawa bure kwa aliye karibu, isipokuwa kitabu cha majibu, ambacho nitamkabidhi mzazi mkononi.